Jina Batili

Maneno hayo mawili niliyaandika mimi, jioni moja Dar es Salaam, nikiwa na haraka ya kukabidhi kazi. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kutunza akaunti za wanachama wa SACCOS, na kila kisanduku cha kujaza kilihitaji ujumbe wa kumjulisha karani pale anapokosea. Namba ya simu isiyotimia: "Namba batili." Tarehe isiyokuwepo kwenye kalenda: "Tarehe batili." Nilipofika kwenye jina nikanakili, nikabandika, nikabadilisha neno moja. Haikuchukua hata nusu dakika.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi ndani ya ofisi ya SACCOS moja mkoani Simiyu, nikayasikia yakisomwa kwa sauti. Sikwenda kwa ajili hiyo. Nilitumwa kufunga printa za risiti na kuwafundisha makarani sehemu mpya ya mikopo. Msimu wa pamba ulikuwa umefunguliwa, watu wana hela, foleni imefika hadi chini ya mti nje. Mzee aliyefika dirishani alikuwa amevaa koti zito na joto lote lile, ameshika kitambulisho chake cha Taifa kwa vidole viwili. Alitaka kutoa akiba kidogo, amlipie ada mjukuu aliyekuwa anaingia kidato cha tano. Karani alimwamkia, akaandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, akasubiri, akafuta, akaandika tena. Kisha akamwambia kwa upole kabisa, "Babu, mfumo unasema jina lako ni batili."

Mzee hakupandisha sauti. Alikitazama kitambulisho, akamtazama binti, akasema, "Batili vipi, mjukuu wangu? Hilo ni jina la baba yangu."

Niliinamisha kichwa. Batili si neno dogo kwa Kiswahili. Ni neno la kadhi na la hakimu: ndoa batili, hati batili, wosia batili. Ukiambiwa kitu chako ni batili, maana yake hakikupaswa kuwepo, na kama kipo hakina nguvu yoyote. Nani alinipa mimi ruhusa ya kumtamkia mzee yule hukumu ile mbele ya majirani zake?

Jina lake silitaji. Inatosha kusema linaanza kwa Ng'w, kama yalivyo majina mengi ya Kisukuma, maana ng'wana ni mtoto, na majina mengi yamejengwa juu ya neno hilo. Kilichomponza ni ile alama ndogo inayoning'inia kati ya g na w. Shuleni tulifundishwa kuiita ritifaa. Ndiyo inayotenganisha ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. Ukiiondoa, ulimi unatamka kitu kingine. Iko kwenye kung'aa na kung'oa, iko kwenye king'ora, iko Ng'ambo ya Unguja, iko kwa akina Nyong'o na Ndung'u wa Kenya. Nchi yetu imewahi kuwa na Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu aitwaye Pius Ng'wandu, aliyekuwa mbunge wa Maswa, wilaya ambayo leo iko ndani ya mkoa huohuo wa Simiyu. Waziri wa teknolojia mwenyewe asingeweza kufungua akaunti kwenye mfumo wetu.

Kwa wasiofanya kazi hii, nieleze kinachotokea. Lugha ya kuzungumza na kanzidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, inaitwa SQL; ilitungwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM, Marekani, miaka ya 1970. Ndani yake maandishi huwekwa kati ya ritifaa mbili: ya kwanza inafungua, ya pili inafunga. Ukiipa 'Juma', inajua jina limeanzia wapi na limeishia wapi. Ukiipa 'Ng'wandu', inasoma Ng, inaona ritifaa, inadhani jina limekwisha, halafu inakutana na wandu ambayo haijui ni ya nini. Inagoma. Na kuna baya zaidi. Mwizi anayelijua hilo anaweza kuandika ritifaa kwenye kisanduku cha jina, akaifuatisha na amri yake, na kanzidata ikaitii: ikatoa siri za watu, au ikafuta akaunti zao. Mlango huo umejulikana hadharani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na dawa yake inajulikana vilevile. Usichanganye jina na amri katika sentensi moja. Amri itangulie peke yake, jina lifuate kando kama mzigo uliofungwa, ambao hakuna atakayeufungua na kuusoma kama amri.

Watu wa Ireland wenye majina kama O'Connor wamesumbuliwa na jambo hilihili miaka mingi, kwa hiyo siwezi kusema ni njama ya wageni dhidi ya majina yetu. Dawa ilikuwepo, imeandikwa kila mahali, bure. Mimi ndiye sikuitumia.

Nilichofanya ni kukata kona. Siku za kujaribu mfumo, mwenzetu mmoja alijaza alama isiyo ya kawaida kwenye jina, ukurasa ukaanguka. Zilikuwa zimebaki siku mbili za kukabidhi. Badala ya kutafuta kwa nini umeanguka, nikaweka sharti: herufi kuanzia A mpaka Z, na nafasi, basi. Kingine chochote, "Jina batili." Ukurasa ukaacha kuanguka. Majina niliyojaribia yalikuwa yetu sisi tuliokaa chumba kile, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ng'. Kuna kauli waandika programu wote wanaijua, "kwangu inafanya kazi", na huwa haina uongo. Ilifanya kazi kwetu. Sisi tulikuwa watu sita.

Mzee alihudumiwa baada ya dakika arobaini. Karani alichukua rejesta ya karatasi, akapekua mpaka akapata namba yake ya uanachama, akaitumia hiyo kumtafuta. Alikuwemo kwenye mfumo, ila si kwa jina lake. Aliyemsajili mwaka uliotangulia alibadilisha Ng'w akaandika Mw ili mfumo ukubali, kisha akahamishiwa tawi lingine bila kumwachia mtu maelezo. Mzee alihesabu noti zake mara mbili, akashukuru, akatoka. Alipopita mbele yangu nilisimama nikamwamkia. Akaitikia "marahaba" kama anavyomwitikia kijana yeyote. Hakujua mimi ni nani, na sikumwambia. Hilo nalo limenikaa.

Mchana foleni ilipopungua, karani akaniambia, "Kaka, hili la leo wala si geni." Akafungua droo akatoa kaunta buku lenye jalada jeusi. Kurasa nne za mwisho zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula. Safu ya kushoto aliandika jina la kweli, safu ya kulia jina la kwenye mfumo. Wengine Ng'w yao ilikuwa Mw. Wengine Ngw. Wengine waliwekewa nafasi katikati, Ng kisha pengo kisha mabaki ya jina, kama watu wawili waliosimama mbalimbali. Kila karani alikuwa na mtindo wake, na huyu binti, kwa hiari yake, bila kulipwa zaidi, alikuwa ametengeneza kamusi ya kutafsiri watu wake kwenda kwenye programu yangu.

Niliangalia ile safu ya kulia nikamkumbuka Ng'wanamalundi, mtu mashuhuri wa Usukuma ambaye habari zake tulizisikia tangu utotoni. Vitabu na watu wengi humwandika Mwanamalundi, kwa kuwa ndivyo ulimi wa asiye Msukuma unavyoona wepesi. Mambo ya zamani yana sababu zake. Ila hapa watu walikuwa hai, vitambulisho mkononi, na madhara yalihesabika: mwanachama akiomba mkopo, jina la kwenye mfumo linalinganishwa na la kitambulisho, na mengine ya safu ya kulia hayakufanana. Akituma akiba kwa simu, jina la laini linakuja na ritifaa yake, letu halina. Muamala unabaki umening'inia hadi mtu auchambue kwa mkono.

"Mbona hamkutuambia?" nilimuuliza.

"Tulipiga, kaka. Mara tatu. Tukaambiwa tuandike bila hicho kialama."

Niliporudi Dar nilikwenda kuangalia. Chumba cha kupokea simu za wateja kilikuwa upande wa pili wa ukuta kutoka kwenye meza yangu. Ukuta wenyewe mwepesi. Ukitega sikio unamsikia dada akisema "samahani kwa usumbufu". Nikaomba orodha ya malalamiko. Kuhusu majina yalikuwa 19, kutoka SACCOS tano tofauti, na kila moja limefungwa kwa neno "Limetatuliwa", kwa sababu mteja alipewa njia ya kuzunguka akakata simu. Hapakuwa na utaratibu wowote wa orodha ile kutufikia sisi tunaoandika. Wale dada walikuwa na bosi mwingine na mshahara mwingine, na chakula cha mchana walikula saa nyingine. Tulijiona sisi ndio kampuni, wao ni watu wa kupokea simu. Nilifanya kazi mita nne kutoka kwa watu waliojua kasoro yangu mwaka mzima, na sikuwahi kuwauliza lolote zaidi ya chumvi.

Hapo mtu angetegemea nirekebishe mambo vizuri, maana nimeona kwa macho yangu na nimeumia. Nilikata kona ya pili.

Tatizo lilikuwa hivi: kuondoa lile sharti la A mpaka Z ni kazi ya dakika tano, lakini ndani ya mfumo kulikuwa na ripoti za zamani, zilizoandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi, ambazo bado zilibandika jina katikati ya amri. Ritifaa ikipita kwenye fomu, ripoti zinaanguka. Kuzirekebisha ilikuwa kazi ya wiki kadhaa, na sikuwa nimepewa wiki. Nikapata wazo. Kwenye kompyuta ritifaa haiko moja. Ipo iliyosimama wima, ile ya kwenye kibodi, na ipo iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia barua hukuwekea zenyewe. Kwa jicho la mtu ni alama ileile. Kwa kanzidata ile iliyopinda ni herufi tu, haifungui wala haifungi kitu. Kwa hiyo nikaandika mistari michache: karani akiingiza ritifaa ya kawaida, mfumo uibadilishe iwe iliyopinda kabla ya kuhifadhi. Jina linaonekana sawa kwenye skrini, ripoti hazianguki. Nilifurahi kweli. Nilihisi nimemrudishia mzee jina lake.

Kwetu kazi haiingii mpaka mwenzako aipitie. Niliyemwomba aipitie ni rafiki yangu, tumeanza kazi mwaka mmoja. Ilikuwa Ijumaa saa tisa alasiri. Dakika mbili baadaye akajibu, "Iko poa, pitisha." Mimi mwenyewe nimewaandikia wenzangu jibu hilo mara nyingi bila kusoma, kwa sababu tunaheshimiana na kwa sababu kila mtu ana mzigo wake. Lakini kulikuwa na binti mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, mwaka wa tatu chuo. Aliyesoma mistari yangu yote ni yeye. Alisogeza kiti karibu akasema kwa sauti ya chini, "Samahani kaka, si tungetengeneza zile ripoti, badala ya kubadilisha herufi ndani ya jina la mtu?"

Nilimjibu, "Utaelewa ukizoea."

Sikumfokea. Nilisema kwa tabasamu, kama mkubwa anayemtuliza mdogo. Yeye akasema "sawa kaka", akarudisha kiti chake mahali pake. Nimeshafikiria mara nyingi jinsi malezi yetu ya heshima, ambayo nayapenda na nisingetaka yapotee, yalivyonipa siku ile kinga nisiyostahili. Mdogo akiona kosa la mkubwa huuliza mara moja, tena kwa samahani. Asipopata jibu hanyanyui tena. Mzigo wa kusikiliza mara ile moja uko kwa mkubwa, na mimi niliupokea kwa tabasamu nikauweka chini.

Wiki ya kwanza ilikuwa shwari. Ya pili, dada wa upande wa pili wa ukuta akaja mwenyewe mezani kwangu, maana baada ya safari ile nilikuwa nimemwomba afanye hivyo. Maofisa mikopo walikuwa wanatafuta wanachama na kuambiwa hawapo. Nilikuwa nimebadilisha ritifaa kwenye dirisha la kusajili, nikasahau dirisha la mikopo. Ofisa anaandika ritifaa ya kibodi, jina lililohifadhiwa lina iliyopinda, mfumo unasema hakuna mtu kama huyo. Macho ya ofisa yanaona jina ni lilelile kabisa. Mwanzo wazee walikuwa batili. Sasa nilikuwa nimewafanya wasiwepo.

Mwisho wa mwezi mhasibu wetu akaja na karatasi. Gharama ya ujumbe mfupi wa simu kwa SACCOS za Kanda ya Ziwa ilikuwa imepanda, na idadi ya miamala haikuongezeka kwa kiasi hicho. Ilinichukua nusu siku kuelewa, na nilipoelewa nilishika kichwa.

Ujumbe mmoja wa simu hubeba baiti 140, hakuna zaidi, na kila baiti ni biti nane. Herufi za kawaida zimebanwa biti saba kila moja, ndiyo maana zinaingia 160. Mjerumani Friedhelm Hillebrand ndiye aliyeona, mwaka 1985, kwamba herufi 160 zinatosha kwa mtu kusema jambo lake. Katika orodha ya herufi hizo za kawaida ritifaa iliyosimama imo. Iliyopinda haimo. Ukiingiza hata moja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine wa kuandika ambao kila herufi inachukua baiti mbili, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo, ujumbe unakatwa vipande, na kila kipande kinabaki na nafasi ya herufi 67 kwa kuwa nyingine zinatumika kuviunganisha. Ujumbe wetu wa kumjulisha mwanachama kuwa akiba yake imepokelewa, pamoja na jina, ulifikia herufi 138. Mara mbili 67 ni 134. Kwa ajili ya herufi nne za mwisho tukalipa kipande cha tatu. Kila mwanachama mwenye ng', kila mara alipoweka akiba, alilipiwa ujumbe tatu mahali pa mmoja. Na aliyelipa hatukuwa sisi. Ni SACCOS, yaani wanachama wenyewe. Wazee wa Simiyu walikuwa wanalipia ritifaa yangu iliyopinda.

Kiongozi wetu wa timu alikuwa mama mmoja mtulivu, aliyeanza kazi hii enzi za kubeba disketi. Nilikwenda kwake kabla hajaniita. Nilitegemea maneno makali. Mahali nilipofanyia kazi kabla ya hapo, mwenye kosa alisimamishwa mbele ya wote na kuulizwa kama amesoma kweli. Nilijifunza huko kitu kimoja tu, kuficha. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Kaa uandike. Andika kilichotokea, siku kwa siku. Halafu jibu maswali mawili: mfumo wetu uliruhusuje hili, na nani alijua kabla yetu."

Swali la kwanza nililijibu kwa ukurasa mzima na halikunisumbua. La pili nilikaa nalo hadi usiku. Nani alijua kabla yetu? Karani wa Simiyu alijua. Alikuwa na kaunta buku. Dada wa simu alijua. Alikuwa na malalamiko 19. Mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo alijua. Aliniuliza kwa mdomo wake. Watatu hao hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye orodha ya watu tunaowaita mkutanoni. Niliyaandika hayo kwenye taarifa kama yalivyo, na jibu langu kwa yule binti nikaliweka neno kwa neno, "Utaelewa ukizoea." Kesho yake taarifa ilisomwa mbele ya kampuni nzima. Baada ya mkutano nilimfuata nikamwomba radhi. Alisema, "Hamna shida kaka," lakini nilimwona amefurahi, na tangu siku hiyo maswali yake hayakuanza tena na samahani.

Tulipewa wiki tatu. Yeye ndiye aliyeongoza kuzisaka zile ripoti. Zilikuwa sehemu 41, na katika kila moja jina likatenganishwa na amri. Ritifaa zote zinazoingia, ziwe zimepinda, ziwe zimesimama, tukazigeuza ziwe ile moja ya kwenye kibodi, kwenye kila dirisha. Kazi ngumu ilikuwa majina yaliyokwisha kuharibika. Kompyuta haiwezi kujua Mw gani ilikuwa Ng'w na Mw gani ni Mw tangu kuzaliwa. Tulipiga simu tawi kwa tawi, makarani wakasoma rejesta za karatasi na sisi tunaandika. Lile kaunta buku jeusi, binti wa Simiyu alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa akatutumia. Lilikuwa sahihi kuliko kanzidata yetu.

Tulipokuwa tunafukua huko tukakuta jingine la ukoo huohuo. Seva hutunza saa ya dunia, ile inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Ripoti ya mwezi ilikuwa inakata mwezi kwa saa ya seva. Kwa hiyo mtu aliyeweka akiba kwa simu saa saba usiku wa kuamkia tarehe mosi, alihesabiwa mwezi uliopita. Ni wachache wanaoweka akiba saa hizo, ndiyo maana halikuonekana, ila wapo: walinzi, wauguzi wa zamu. Na tangazo letu la matengenezo lilikuwa linasema huduma itasimama "saa 3:00 hadi 5:00", aliyeliandika akimaanisha usiku wa manane kwa saa ya kompyuta, wakati kila mwenye akili timamu Bariadi anajua saa tatu ni baada ya chai ya asubuhi. Tukabadilisha yote mawili. Sasa tunaandika "saa tisa usiku", kwa maneno.

Na ule ujumbe. Nilijaribu namna nyingi za kuuandika upya, mpaka yule dada wa simu akauliza kwa nini uwepo kabisa. Ni jina gani la mtu ambalo programu ina haki ya kulikataa? Tulikaa kimya, hatukulipata hata moja. Tukaufuta. Kisanduku kikiachwa tupu, mfumo unasema, "Tafadhali andika jina la mwanachama." Hicho tu.

Siku hizi kabla ya kuandika chochote kitakachotumiwa na watu dirishani, nakwenda kukaa kwenye benchi, siku moja, bila kompyuta. Wakubwa wengine wanaona ni posho inayopotea. Nimeshabishana nao na nitaendelea kubishana. Ndani ya hazina yetu ya msimbo, yaani pale tunapotunza maandishi ya programu, kuna faili la majina ya kujaribia. Lilianza na majina ya Ng'w kutoka kwenye kaunta buku, yaliyochanganywa ili yasimtaje mtu. Kila anayeajiriwa kazi yake ya kwanza, kabla ya kugusa kingine, ni kuongeza jina la kwao ambalo anahofia litaleta shida. Wameleta majina ya kistari, majina ya herufi mbili, majina marefu ya Kihaya yasiyotosha kwenye risiti, na jina moja pekee la mtu asiye na la pili. Matatu kati ya hayo yaliuangusha mfumo siku yalipowekwa.

Mwaka uliofuata nilirudi Simiyu, safari hii kwa sababu niliomba. Msimu ulikuwa umekwisha na ofisi ilikuwa tulivu. Mzee yule sikumkuta. Niliambiwa anaendelea vizuri na mjukuu yuko shuleni. Karani alinifungulia akaunti yake akanionyesha, jina limekaa lote, ritifaa imesimama mahali pake. Akachapa risiti ya majaribio ili nione na kwenye karatasi. Kisha akavuta droo, akatoa lile kaunta buku, akanionyesha zile kurasa nne: alikuwa amezikata kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, kutoka kona hadi kona.

"Basi unaweza kulitupa," nilimwambia.

Akalifunga, akalirudisha chini kabisa ya droo, chini ya stempu na wino. "Hili naliacha, kaka," alisema. "Mkija kubadilisha tena nitalihitaji."